Tangi Lenye Ugonjwa

Saa tatu kasoro robo asubuhi Inspekta aliikuta sebule ya Mwalimu inanuka klorini mpaka macho yanawasha. Madirisha yote yalikuwa wazi, kapeti limekunjwa na kusimamishwa ukutani, na katikati ya sakafu, juu ya magazeti ya zamani, lilikaa tangi la samaki lenye urefu wa mtu mzima aliyelala. Lilikuwa tupu, halina maji wala samaki hata mmoja. Mwalimu alikuwa amelipigia magoti, amevaa glavu za mpira zilizomfika karibu na mabega, anasugua kioo.

"Usiguse kitu," alisema bila kugeuka.

"Hayo ni maneno yangu, Mwalimu. Kwa kawaida mimi ndiye ninayewaambia watu nikiingia kwao."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa amefundisha kemia miaka thelathini na miwili, na tangu astaafu hakuna mtu aliyemwita kwa jina jingine. Juzi, Jumatano, alianza kulisafisha tangi hilo baada ya samaki wake kufa mmoja mmoja. Alipoinua jiwe kubwa jeusi lililokaa kwenye kona alikuta changarawe tu. Chini ya jiwe hilo ndipo alipoficha chupa ndogo ya kioo iliyozibwa kwa nta, na ndani ya chupa, bangili tatu za dhahabu za marehemu mkewe. Alimpigia simu binti yake. Binti akawapigia polisi. Kabla ya adhuhuri dada wa kazi, aliyeachwa peke yake na tangi asubuhi ile, alikuwa mahabusu.

Jalada lilimfikia Inspekta jana jioni, jembamba, limekaribia kufungwa, na lilimkera tangu ukurasa wa kwanza. Leo Ijumaa, saa nane mchana, yule dada angepandishwa mahakamani kusomewa shtaka la wizi. Jumatatu alitakiwa aanze kazi kwenye jiko la hospitali, kazi ya kwanza maishani mwake yenye mkataba. Hospitali ilikuwa inamdai karatasi moja tu, cheti cha tabia njema kutoka polisi. Akishasomewa shtaka, cheti hapewi, na bila cheti jiko hilo ataliona kwa nje. Haya yote aliyaeleza mwenyewe kwenye maelezo yake. Askari aliyeyaandika akayapigia mstari kwa kalamu nyekundu: anaondoka, kwa hiyo ameiba. Inspekta alikuwa ameona ujinga mwingi kazini, lakini huu ulikuwa na mstari chini yake.

Hakukaa alipokaribishwa. Kituoni walimwita Kiroboto akiwa hayupo, maana hakuna kiti kilichowahi kumstahimili dakika tano. Alilizunguka tangi mara mbili, akachungulia ndoo, akarudi.

"Nieleze unachofanya. Nifanye mwanafunzi mzito wa kuelewa."

"Maji yote nje, yanamwagwa chooni. Mimea, changarawe, magogo, sponji za chujio, vyote kwenye mfuko na kutupwa, havisafishiki. Halafu sabuni. Halafu klorini, halafu unasuuza mpaka harufu iishe. Halafu spiriti."

"Klorini haitoshi?"

"Kwa mdudu huyu, klorini peke yake ni kumchezea. Majibu ya maabara yalikuja Jumatatu. Samaki wangu walikuwa na kifua kikuu. Kipo cha kwao, cha samaki." Alichovya kitambaa kwenye spiriti. "Baada ya hapo linakaa juani wiki nzima. Nyavu, mpira wa kunyonyea maji, ndoo, kila kilichogusa maji yale, hivyo hivyo."

"Na hizo glavu ulizinunua Jumatatu?"

"Hizi ni sheria ya nyumba tangu tangi liingie hapa. Hakuna kuingiza mkono bila glavu. Marehemu mke wangu alisema nina wazimu. Dada hakuwahi kubisha, alizivaa kila mara bila kukumbushwa." Mkono wake ulisimama kwenye kioo. "Miaka kumi na moja, Inspekta. Sikujua kama ana mkono mrefu."

"Bado hatujui. Mara ya mwisho kuiona chupa ilikuwa lini?"

"Miezi minne iliyopita, nilipobadilisha changarawe."

"Na jalada linasema imeibiwa Jumatano."

"Jumatano ndiyo siku ambayo haikuwepo! Nilikwenda kununua spiriti, nikamwacha peke yake saa nzima, anapunguza maji. Nani mwingine?"

"Mwanafunzi wako angeandika hivyo kwenye mtihani, ungempa sifuri. Jumatano ndiyo siku uliyotazama." Inspekta alikuwa ameshafika dirishani na kurudi. "Ni nani waliojua mahali ilipo?"

"Mimi. Dada, maana tuliificha pamoja. Na binti yangu, lakini huyo mweke kando. Tangu utoto anaogopa samaki, hata kulikaribia tangi hataki."

"Samaki wameumwa muda gani?"

"Miezi miwili na kidogo."

"Na wewe hukuandika kitu?"

Swali hilo lilimuumiza kidogo. Alivua glavu, akanawa, akamletea simu yake. Kila Jumapili asubuhi, wiki kumi mfululizo, alikuwa amewapiga picha samaki wagonjwa ili mtaalamu aone ugonjwa unavyokwenda: migongo iliyopinda, vidonda, matumbo yaliyobonyea. Inspekta hakujua lolote kuhusu samaki, kwa hiyo alitazama vitu vingine. Alipitisha picha mbele, akarudi nyuma, akapitisha tena. Kwenye kona, nyuma ya samaki, lilionekana jiwe jeusi. Lilikuwa na mstari mweupe ubavuni.

"Mwalimu, vaa miwani. Hapa mstari unatazama wapi?"

"Sebuleni."

"Na hapa, Jumapili iliyofuata?"

Mwalimu aliisogeza simu karibu na macho. Mstari haukuonekana. Haukuonekana pia kwenye picha ya wiki iliyofuata, wala kwenye nyingine zote mpaka ya Jumapili iliyopita. Kulikuwa na jiwe lile lile, kona ile ile, limegeuziwa ukuta.

"Nilikuwa natazama samaki," alisema kwa sauti ndogo.

"Hizi ni wiki tano zilizopita. Jiwe hili samaki hawaligeuzi. Uliligusa wewe?"

"Wiki hiyo sikuwepo. Nilifanyiwa upasuaji wa jicho, nikalazwa siku mbili."

"Nyumbani alibaki nani?"

"Dada. Binti yangu alikuja kulala hapa asimwache peke yake. Na Kambare, muuza samaki, alipita kuchukua samaki wawili wa kupeleka maabara."

Inspekta alimpigia mkuu wa kituo akiwa tayari anashuka ngazi. Mkuu alimsikiliza kwa subira ya mtu anayekula.

"Kwa hiyo jiwe liligeuka," mkuu alisema. "Yule dada wiki hiyo alikuwepo au hakuwepo?"

"Alikuwepo, Afande."

"Basi picha yako inamhamisha tu kutoka Jumatano hii kwenda wiki nyingine. Niletee mtu, usiniletee jiwe. Saa nane ni saa nane."

Duka la Kambare lilikuwa refu na jembamba, matangi kushoto na kulia, kila tangi na wavu wake umening'inizwa juu yake kwa kamba ya rangi tofauti. Mwenyewe alikuwa na sharubu mbili ndefu zilizompa jina, na aliyasema mengi kabla hajaulizwa. Inspekta hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama mkono wake wa kulia, ambao juu ya fundo la kidole cha kati ulikuwa na uvimbe mkavu wa zambarau, na mwingine mdogo karibu na kifundo cha mkono.

"Hicho ni nini?"

"Hicho?" Kambare aliuinua mkono kwa majivuno. "Hicho ni mshahara wa kazi, Afande. Ni kile kile kilichowamaliza samaki wa Mwalimu."

Inspekta alimshika mkono palepale, akausogeza kwenye taa. Mtu huyu aliingia nyumba ile wiki ile, anajua kuzama kwenye tangi, na ngozi yake ina alama.

"Ulikipata lini?"

"Mwaka juzi. Usinibane hivyo, nina karatasi." Na kweli alikuwa nazo, kwenye droo chini ya chakula cha samaki: kadi ya hospitali, tarehe za mwaka juzi, miezi mitano ya vidonge. Inspekta alizisoma mara mbili, akaukodolea macho ule uvimbe. Lilikuwa kovu tu, limekufa zamani. Aliuachia mkono na kujisikia mjinga.

"Haya, nifundishe," alisema. "Mtu anakipataje?"

"Lazima pawe na mlango. Mchubuko, tundu la mwiba, chochote. Uingize mkono wenye tundu kwenye maji ya samaki wagonjwa. Hapo hapo huoni kitu. Wiki ya pili, ya tatu, hata ya nne, kinatokea kijipu. Hakiumi sana, kwa hiyo unakidharau. Unapaka hiki, unapaka kile, wapi! Kinatambaa kupanda mkono. Mimi nimezunguka kwa madaktari watatu. Wa nne ndiye aliyeniuliza, unafuga samaki? Nikamwambia nawauza. Akacheka, akanipa dawa yenyewe."

"Kwa Mwalimu uliingiza mkono?"

"Kwa glavu zangu. Mwalimu akikukuta bila glavu anaweza kukupigisha magoti, mtu mzima na sharubu zako. Tena siku ile hakuwepo, lakini yule dada wake alinisimamia kama msimamizi wa mtihani. Nilichota samaki wawili, akanihesabia wawili, akanitoa mlangoni." Alisita. "Ni kweli mmemfunga?"

Inspekta alitazama saa. Ilikuwa saa tano na robo.

Mahabusu ya wanawake ilikuwa na benchi moja na watu sita. Dada alitolewa akiwa peku, viatu vyake vimewekwa kaunta pamoja na mkanda na hereni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene kiasi, na hasira yake ilikuwa imetulia kiasi kwamba askari wa zamu aliongea naye kwa adabu bila kujua kwa nini.

"Nionyeshe mikono," Inspekta alisema.

"Jana wameiangalia. Walitafuta dhahabu kwenye kucha."

"Mimi sitafuti dhahabu."

Viganja vilikuwa vimekauka na kupasuka kwa sabuni na klorini, lakini vidole vilikuwa safi. Hapakuwa na kijipu, kovu wala alama yoyote. Inspekta alijua hilo peke yake halimwokoi mtu, kwani mwizi mwenye glavu naye angetoka na vidole safi.

"Glavu za Mwalimu zinakaa wapi?"

"Chumbani kwangu, kwenye msumari nyuma ya mlango. Ni jozi mbili tu, nazikausha huko kwa sababu dirisha langu linapata jua."

"Wiki ile ya jicho, ni nani aliyekuja kukuomba?"

"Hakuna. Kambare alikuja na zake."

"Na binti wa Mwalimu?"

Dada alitikisa kichwa. "Mimi sisemi neno juu ya mtoto wa watu."

"Sikuombi umseme. Niambie tu ulichokiona."

"Nilichoona ni maji. Asubuhi baada ya usiku wake wa kwanza nilikuta sakafu imelowa mbele ya tangi, nikapiga deki. Yeye akaniambia samaki wamerusha maji." Alikunja uso. "Samaki wale, Afande, hawakuwa na nguvu hata ya kutikisa mkia. Nilimwambia hivyo yule askari aliyeniandika. Akasema nijibu ninachoulizwa."

Inspekta alikuwa ameshasimama, ingawa hakukumbuka alikaa saa ngapi.

"Zile bangili ulizijua?"

"Nilizivua mimi mkononi kwa mama, mkono ulipovimba. Kwa sabuni na maji ya vuguvugu, moja moja, usiku kucha. Alikuwa hataki mtu mwingine amguse." Alijifuta viganja kwenye gauni. "Afande, Jumatatu wanataka kile cheti. Saa moja asubuhi."

"Najua," Inspekta alisema, na akaondoka kabla hajaahidi asichokuwa nacho.

Binti wa Mwalimu alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba kimoja cha kazi, cherehani mbili, na sare za shule zimerundikwa mpaka dirishani. Saa saba kamili Inspekta alimkuta anakata kitambaa kwa mkasi uliokuwa unamsumbua. Alikuwa anakata kwa mkono wa kushoto. Kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia alikuwa amefunga plasta, na juu ya plasta kidole kilikuwa kimevimba na kuwa cha zambarau.

"Karibu, Afande. Ni saa nane, sivyo? Baba ameniambia nije mahakamani, lakini nina kazi za watu."

"Saa nane, ndiyo. Pole na kidole."

"Sindano ya cherehani. Fundi gani ana vidole visivyo na matundu?"

"Ilikuchoma lini?"

"Hata sijui. Wiki sita."

"Na bado hakijapona?"

"Nimepaka kila kitu. Daktari kanipa marhamu, nikarudi, kanipa vidonge. Vimeisha, na chenyewe kinapanda tu." Alijigusa karibu na kifundo cha mkono, mahali palipokuwa na kijipu cha pili, kidogo kama punje ya dengu. Kisha akaushusha mkono haraka, baada ya kuona macho ya Inspekta yamefuata.

Inspekta alivuta kigoda na, jambo la ajabu, akakaa.

"Wiki tano zilizopita ulilala kwa baba yako siku mbili. Uliingiza mkono kwenye tangi?"

"Mimi? Mimi naogopa samaki, muulize baba."

"Ameniambia. Nakuuliza wewe."

"Sijaingiza hata kidole."

"Vizuri sana. Maana samaki wale walikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wao mtu huupata mkononi, kama ana tundu na hana glavu. Kinakuja kijipu baada ya wiki mbili tatu. Kinapanda mkono. Marhamu hayakiwezi. Dawa yake ipo, ila daktari hataijua mpaka mgonjwa amwambie, daktari, niliingiza mkono kwenye maji ya samaki wagonjwa." Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na dakika kumi na mbili. "Lakini wewe hukuingiza mkono, kwa hiyo si hicho. Endelea na marhamu."

Akainuka. Fundi alikuwa anajaribu kukikunja kidole chini ya meza. Hakikukunjika.

"Kikishaingia kwenye fundo la kidole kinafanya nini?" aliuliza.

"Muuza samaki anasema watu wamebaki na vidole vya kuonyeshea njia tu."

Redio ya jirani ilikuwa inatangaza mpira. Inspekta alifika mlangoni akasimama pale, mgongo umegeukia chumba, na alichukia kila sekunde iliyokuwa inapita. Alitaka kumtikisa yule mwanamke. Badala yake alihesabu vifungo kwenye sare moja iliyotundikwa, akafika saba.

"Dawa yenyewe unakunywa muda gani?"

"Miezi. Kwanza useme."

Fundi aliinuka, akaburuta mfuko wa mabaki ya vitambaa kutoka chini ya meza, akaingiza mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Chupa ilitoka imeviringishwa kwenye kipande cha bitana. Bangili tatu zililala ndani, na nta ilikuwa haijaguswa.

"Sikuifungua," alisema. "Naapa sikuifungua. Nilitaka tu isiwe pale."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baba alisema moja atampa yule, siku atakayoondoka. Eti ni neno la mama. Mama alimwambia baba ampe yule bangili yake!" Machozi yalimtoka, na aliyafuta kwa kitambaa cha sare. "Mama siku zile alikuwa hajui hata anasema nini."

"Ulikuwepo akisema?"

"Sikuwepo. Nilikuwa nashona sare za shule tatu." Alirudia polepole, "Sikuwepo."

Inspekta alimhurumia, na huruma hiyo haikumzuia. "Jumatano baba yako alipokupigia, wewe ndiye uliyeita polisi."

"Alikuwa ameshachanganyikiwa, ananiuliza ni nani, ni nani. Ningesema nini? Yule alikuwa anaondoka, Afande. Nilijua watamhoji, wasipate kitu, wamwachie, aende zake kwenye hiyo kazi yake. Nilidhani hatapoteza kitu."

"Kazi hiyo inataka cheti cha tabia njema. Akisomewa shtaka hapewi."

"Cheti gani?" fundi aliuliza. Alikuwa hajui kweli, na Inspekta aliona jinsi anavyoanza kujua.

Alimwandikisha maelezo juu ya meza ya kukatia, kwenye karatasi ya jalada, mistari kumi na minne, akasaini kwa mkono wa kushoto. Saa saba na nusu Inspekta alipiga simu kituoni.

"Gari la mahabusu limeshaondoka," mkuu alisema. "Una nini?"

"Nina mtu, Afande. Na chupa."

Kiti cha mkuu kilisikika kikisogea. "Basi kimbia."

Teksi iliwapeleka wote wawili, fundi akiwa amekumbatia mkono wake mbaya, Inspekta akiwa amekaa ukingoni mwa kiti na kumwelekeza dereva barabara ambazo dereva alizijua kuliko yeye. Kwenye taa nyekundu alifungua mlango. Dereva alimwomba aufunge. Mahakamani alipanda ngazi mbili mbili na kumkuta mwendesha mashtaka kwenye korido, amebeba rundo la majalada kifuani, mguu mmoja ndani ya chumba cha hakimu. Karani alikuwa anaita kesi ya pili. Ya dada ilikuwa ya tatu.

"Nipe langu."

"Inspekta, yamepangwa."

"Yapangue. Mshtakiwa wako si huyu. Soma hapa, kisha utazame hii chupa, halafu uniambie unaingia na nini mle ndani."

Mwendesha mashtaka alisoma akiwa amesimama. Alirudia mistari miwili. Kisha akachomoa jalada jembamba katikati ya rundo, akaandika kwenye jalada kwamba hakuna shtaka, akatia saini na saa: nane na dakika sita. Fundi alikabidhiwa kwa askari wa kike, na Inspekta akamwambia huyo askari maneno mawili: hospitali kwanza.

Mwalimu alikuwa kwenye benchi la nje tangu saa saba, ananuka spiriti, amevaa koti la siku za kufundishia. Inspekta alimweleza kwa sentensi tatu. Hakukuwa na namna ya kuzifanya laini. Alisikiliza zote akiwa anatazama sakafu, na alipomwona binti yake anapitishwa kwenda kwenye gari aliinuka nusu, akakaa tena. Inspekta alimwacha. Alikwenda kufungua mlango wa chumba cha mahabusu.

Dada alitoka na viatu mkononi. Aliinama kwenye ngazi kuvivaa, bila haraka, akakaza kamba za kushoto, kisha za kulia. Mwalimu alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi.

"Dada," alisema. "Yameisha. Twende nyumbani."

Dada aliendelea na kamba.

"Moja ya zile bangili ni yako. Mama ndiye aliyesema. Nilikuwa nangoja siku yako ya kuondoka ndipo nikupe."

"Jumatano ulisimama mlangoni," dada alisema. "Wale askari wakinipekua, wewe umesimama pale pale mlangoni."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa. Binti alisema—"

"Binti alisema, askari wakasema. Miaka kumi na moja naishi kwako, Mwalimu. Ungeniuliza tu. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wako: Dada, umechukua? Ningekujibu hapana, hata kama usingeniamini." Aliinuka, akajinyoosha gauni. "Hukuniuliza."

Mwalimu alivaa kofia, akaivua tena.

Dada alimgeukia Inspekta. "Dirisha la vyeti linafungwa saa ngapi?"

"Saa tisa. Nitakwenda nawe, nikawaambie jalada limefungwa."

"Basi twende, Afande. Pale angalau wana fomu. Wanauliza kwanza."

Akatangulia kushuka ngazi.